Tumbo la Cindy na Macho Yangu

Kwa miezi nimekula chakula nikiangalia ukuta. Kwa nyumba yangu mwenyewe.

Wacha niwaambie ilifikaje hapo.

Naishi peke yangu Nambale. Mjukuu wangu Cindy, wa darasa la kwanza, anakaa na mamake Malaba, kwa ploti ya nyumba za kupanga, karibu na laini ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Wikendi alikuwa analetwa kwangu.

Kila akija, anakula vizuri, halafu tumbo linamshika. Anajikunja, jasho linamtoka.

Akirudi Malaba, mzima.

Majirani wakapiga hesabu yao. Nyanya ana macho mabaya, anaangalia mtoto akikula.

Mamake, Akwii, hakunitukana. Alisimama tu mlangoni.

"Mama, naomba ukikula uangalie kando."

Nikageuza kiti.

Haikusaidia. Mganga akamchanja Cindy tumbo, akatoa kitu kama mbegu ya maharagwe, akasema imeisha. Akwii hakumleta tena.

Jamani, nyumba ilinyamaza. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili, nakumbuka nikishapakua.

Halafu simu ikalia. Tumbo limemshika Cindy huko huko Malaba, vibaya kuliko zote. Na macho yangu yako Nambale.

"Mama, kuja," Akwii akasema. Nikapanda matatu nikaenda.

Hospitalini daktari alibonyeza tumbo, akasikia mawe mawe. Akauliza kitu hakuna mtu alikuwa ameuliza: huyu mtoto huenda choo wapi?

Akwii akasema ploti nzima ina choo kimoja, na madereva wanakitumia pia.

Cindy akaangalia chini.

"Huko siendi. Wanaume hugonga mlango. Mimi hungoja kwa kukhu."

Kukhu, yaani nyanya, ni mimi.

Mnaona? Alikuwa anabana wiki nzima. Akifika kwangu, akishiba, tumbo linasukuma, na choo kishakuwa kigumu. Aliumwa kwangu kwa sababu kwangu ndiko hakuogopa.

Daktari akasema tumbo halina ugonjwa, lakini uchungu ni wa kweli, mtoto hadanganyi. Choo kikiuma anabana, akibana kinakauka zaidi. Dawa ya kulainisha ni ya miezi, hata akipata nafuu asiachishwe haraka. Kila akimaliza kula aketi chooni bila haraka, miguu ikanyage kigoda. Na asigombezwe.

Akwii alimnunulia poti ya kutumia ndani ya nyumba. Msamaha hakuniomba. Majirani bado hufunika sahani nikipita.

Lakini Jumamosi Cindy alishika kiti changu, akakigeuza.

"Kukhu, niangalie nikikula."

Nyinyi wenye watoto, mtoto akilia tumbo, muulize choo kabla ya kuuliza nani alimwangalia.