Fundi na Mtoto Kifuani

Jirani yangu hapa Mishamo ni fundi cherehani, na hunyonyesha huku akishona. Mtoto humfunga kifuani kwa kitenge ili mikono yote miwili ibaki kwenye nguo. Kila anapokata uzi humpapasa kisogo na kumnong'oneza, "Pole baba, namalizia." Hamalizi, sare za shule zimejaa mezani. Jana nilipofuata sare ya binti yangu, nilimkuta mtoto ameachia ziwa, ananyonya pindo la kitenge.

"Dada, mtoto hanyonyi," nikamwambia.

Akasimamisha mashine, akamtoa pindo mdomoni. Lilikuwa limelowa chapachapa. Akampa ziwa, mtoto akageuza uso.

"Mwanzoni alikuwa analia," akasema, machozi yakimtoka. "Siku hizi hata kunililia ameacha."