Munara Uliosomewa Fatiha

Mounira hakuwa mwanamke wa kubembelezwa. Baba yake alitoka Maniema na cherehani yake, akanunua lupango, kiwanja chenye nyumba, kule mtaa wa Hewa Bora, ukuta kwa ukuta na msikiti. Alipokufa alimwachia Mounira lupango hilo, na juu yake mdogo wake Hassani, angali wa kubebwa mgongoni. Mounira alimbeba.

Basi Hassani alipokuja na kofia ya Ijumaa, akamwita Yaya kama aitwavyo dada mkubwa kwao, akasema, "Yaya, utupatie ile kona ya nyuma, bantu banataka kusimamisha munara," Mounira hakuuliza mara mbili. Msikiti ule haukuwa na munara tangu aujue. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha ya kufunga ahadi, na Hassani akaitikia amina kushinda wote.

Kilichopanda kilikuwa vyuma, kisha masanduku meupe, kisha mashine ya umeme inayonguruma usiku kucha. Munara wa simu. Redio ya Mounira ikaanza kukoroma, kichwa kikamgonga, usingizi ukamhama. Majirani wakasema mawimbi yanampika ubongo. Ngalula, muuguzi wa zahanati, akamwambia hapana, wanaoyapima hawajaona hayo. Ni ile ngurumo chini ya dirisha, na asiyelala kichwa hakimwachi.

Mounira alimwelewa. Lakini kichwa hakikuwa shida kubwa. Akamwita Hassani.

"Ile Fatiha tulisomea nini?"

"Tulisomea munara, Yaya. Na ile iko munara. Mi sikusema ya muskiti."

Akacheka kidogo, akaongeza kwamba sasa Yaya ataongea na watu mpaka Mitwaba kule mbali bila kupanda kichuguu kutafuta mtandao.

Angesema shida ya pesa ilimbana, Mounira angemsamehe. Lakini mtoto huyu alilipima neno kabla ya kulitamka, akijua vema dada yake atasikia nini.

"Mi nilisoma Fatiha, siivunji," Mounira akasema polepole. "Munara ibakie. Lakini siku yangu ikifika, atakayeshuka kaburini kunipokea ni mutoto wa marehemu Bahati, dada yetu. Si weye."

Kwao mwanamke hupokewa kaburini na damu yake ya karibu, na kwa asiyezaa kama Mounira hakuna aliye karibu kuliko ndugu wa tumbo moja. Hassani akaacha kucheka. Akaanza, Yaya, Yaya. Mounira alikuwa ameshampa mgongo, uleule uliombeba.