Dobi Aliyeinusa Neema

Hii hamtaiamini, wapwa zangu, na siwalaumu. Hata mimi ninayejua kila kitu ilinichukua muda. Ni habari ya shemeji yangu dobi, mume wa dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Nusa.

Jina limemkaa. Nguo ikifika anainusa kwapani, anageuza mifuko, ndipo anasalimia. Ukimpa chungwa atauliza unataka nini. Nilipomkubalia amwoe dada yangu bila masharti, alirudi kesho yake kuuliza bibi harusi ana ugonjwa gani.

Mtu huyu hakuwa ameshiriki meza ya Bwana tangu mama yake afe wakiwa hawasemezani. Mkate ukipita anainamisha kichwa, dada yangu anakula peke yake, na nyumbani chai inanywewa kimya. Nusa akaamua kujitakasa mwenyewe. Akafunga, akafagia kanisa, akafua kanzu za kwaya mpaka kola zikaanza kuchanika. Mchungaji akamwambia amesamehewa kwa neema, kwa ajili ya Kristo, wala si kwa ufagio. Nusa akaja kuninong'oneza.

"Shemeji, huyu ana lake. Leo msamaha wa bure, kesho utasikia nimetiwa kamati ya ujenzi."

Asubuhi moja tuko kibandani kwake, yeye anapiga pasi, mimi namsimamia, mchungaji kaleta kitambaa cha meza ya Bwana. Akaingia jirani na shati la mwanawe lenye doa la damu. Aliona aibu kulileta chafu, kwa hiyo alilichemsha kwanza. Nusa akalinusa, akawaka.

"Nani kakwambia uanze wewe, mama? Maji ya moto yameigandisha damu. Ungeniletea shati vile lilivyo. Kulitakatisha ni kazi yangu."

Mchungaji akauliza polepole, "Na doa lako, Bwana Nusa, unalichemsha tangu lini?"

Pasi ikabaki hewani. Nusa akamtazama mchungaji, akamtazama jirani, akataka kujua kama wamepanga. Jirani akaapa kwamba kanisa hilo hata hasali. Mchungaji akaaga bila kuongeza neno, na hapo ndipo Nusa alipozidi kuingiwa na wasiwasi: mwenye lake huwa hanyamazi.

Jumapili mkate ulipofika benchi letu, akanyoosha mkono. Akaunusa, ndiyo. Akageuka kutazama kama kuna anayemfuata na sharti. Hakuna. Akala. Dada yangu akamshika kiwiko, wala hakukiachia. Nami niliyekuwa karibu kuliko malaika niliona paa likitikisika, kanzu za kwaya zikimetameta, na machozi ya shemeji yakilijaza lile beseni kubwa la kufulia, nikakimbilia la pili, nalo likaanza ku…

"Lilikuwa chozi moja, shemeji," anasema Nusa, kumbe yuko nyuma yangu, ananusa karatasi hii ninayowaandikia. "Tena wewe ulikuwa umesinzia."