Damu Yenye Harufu ya Iliki

Siku ile sikuweza kukaa. Niliosha brashi zangu mara tatu, na zilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Nilizunguka ua wa ile nyumba ya zamani ya Frere Town tuliyokuwa tukipigia filamu, nikafunua kikombe cha damu, nikakifunika, nikakifunua tena. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na mchana ule ndio ungeamua kama mikono yangu bado ina kazi.

Kazi yangu ni kutengeneza majeraha ya filamu. Wazazi wetu walipofariki, mama kwanza kisha baba, nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu walikuwako wadogo watatu. Niliacha shule, nikaingia saluni moja Kisauni kupamba maharusi. Miaka ikapita. Siku moja akaja mtu wa filamu, akauliza kama anayejua kuficha kovu la bibi harusi anaweza pia kuweka kovu pasipokuwa na kovu. Nikamwambia naweza. Nilikuwa sijui lolote. Nilijifunza wiki hiyohiyo juu ya mkono wangu wa kushoto, mpaka jirani akaniuliza ni nani aliyenipiga.

Damu sikuhitaji kufundishwa. Nyumbani tulikuwa tukipika mabuyu ya kuuza, na damu yangu ni mabuyu yasiyo na mabuyu: sukari iliyochemka, rangi nyekundu, wanga kidogo wa kuifanya nzito, kakao ya kuitoa ung'avu. Iliki ilikuwa ya mazoea tu. Mkono ulikwenda wenyewe. Waigizaji walikuwa wakijilamba baada ya kuuawa. Nzi nao walikuja, na sisimizi, na mara moja nyuki, tukamkimbia maiti wetu akabaki peke yake.

Sasa kulikuwa na damu nyingine, isiyoita nzi. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amesomea picha za kompyuta. Mtu mzima sasa, ndevu zake ni nyingi kuliko akili zangu. Mwongozaji alimleta kazini bila kujua kuwa ni ndugu yangu, na alipojua alicheka.

"Basi tuone," alisema. Ni kijana wa bara, anaongea kama anayekimbizwa. "Hii scene ya mzee kutema damu, tutaifanya mara mbili. Moja na damu ya sister, moja bila kitu, bro aweke yake kwa kompyuta. Yenye itaweza ndio tutatumia hadi mwisho wa filamu. Na filamu ingine pia."

"Dada, usininunie," mdogo wangu aliniambia tulipobaki wawili.

"Nani amenuna?"

"Umeosha brashi mara tatu."

Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, aliyestaafu kazi ya ukarani Kipevu na kuanza kuigiza uzeeni. Katika filamu anapigwa na mwanawe, anashika ukuta, anatema damu. Nilimwamkia, akaitika, nikamwonyesha kikombe. Alinusa.

"Mwanangu, hini ni damu au ni halua? Mimi nimefunga."

Hapo wote wakaniangalia. Jua la uani lilikuwa na saa mbili tu kabla kivuli cha jumba la jirani hakijalifunika. Kungoja magharibi ni kupoteza mwanga. Kungoja Idi haikuwezekana, kwa kuwa mwenye nyumba aliitaka nyumba yake kabla ya sikukuu.

"Rahisi," mdogo wangu akasema. "Tupige ile yangu peke yake. Mimi namtoa mzee damu na saumu yake iko palepale."

Alisema bila ubaya. Lakini nilihisi kama nimesukumwa kutoka kwenye jiko langu mwenyewe.

Nami nikasema neno ambalo nimelijutia. Nilisema: "Mzee, sisi wapishi tunaonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, tunatema, na saumu haivunjiki. Hii ni vivyo hivyo. Itakaa mdomoni hesabu ya tatu, utaitema."

Kila nyumba ya hapa kwetu inaijua ruhusa hiyo ya mpishi. Nimeitumia Ramadhani zote tangu nilipoanza kuwapikia wadogo zangu. Mzee aliikubali kwa sababu niliisema kwa uhakika, na kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri hapendi kumvunja moyo mwenzake mbele ya watu. Sikumwambia kwamba mpishi haonji kijiko kizima. Sikumwambia kwamba mpishi hapigwi ngumi ya tumbo.

Walianza na ile tupu. Mzee alishika ukuta, akafungua mdomo, akatema hewa. Wengine walicheka. Kisha nikamtia damu yangu mdomoni, nikarudi nyuma, nikasimama huku nikisugua vidole.

Ngumi ilikuja, ya uongo kama kawaida, lakini mzee alishtuka. Akakohoa. Damu ikamtoka puani na mdomoni, ikashuka kidevuni kwenye ndevu nyeupe, na macho yake yakafunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mwigizaji. Yalikuwa macho ya mtu aliyepotewa na kitu. Uso uleule ukageuka ukanitafuta mimi, nyuma ya kamera.

"Kata!" mwongozaji alipiga kelele. "Mzee! Wallahi umeua! Umeona hiyo? Hiyo kompyuta haiwezi!"

Mzee aliomba maji ya kusukutua. Nilimpelekea mwenyewe.

"Nimemeza," aliniambia polepole, wengine wasisikie.

"Kidogo, mzee?"

"Kumeza ni kumeza, mwanangu. Nitailipa baada ya Idi." Halafu akanitazama. "Usilie. Ni tamu, lakini."

Mwongozaji alikuwa amewakusanya watu kwenye kioo kidogo cha kamera. Walirudia na kurudia. Mdogo wangu alitazama mara moja, akasema, "Dada ameshinda," akaanza kukunja waya zake.

Nilitoka nje hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Nilikuwa nimeshinda. Na kila niliporudi, mzee alikuwa pale kwenye kioo, akipoteza saumu yake upya, na watu wakipiga makofi.

Mara ya tatu nilikwenda moja kwa moja kwa mwongozaji.

"Ifute ile."

"Sister, uko sawa?"

"Yule haigizi pale. Nimemdanganya, akameza, na uso ule ni wa kosa langu. Huwezi kuuonyesha watu. Tumia ile tupu, mdogo wangu atie damu yake."

"Unajua unasema nini? Ukitoa hiyo, umejitoa."

"Najua."

Alibishana, kisha akamtazama mzee aliyekaa kwenye baraza na kitambaa mdomoni, akaifuta mbele yangu.

Siku ya pili, nyumbani, mdogo wangu alikuwa akiifanya kazi ile kwenye meza ya kulia. "Ungeniacha nishindwe," alisema. "Sasa nimepewa."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Damu ilimtoka mzee nyekundu, safi, ikashuka mstari mmoja kama soda ubavuni mwa chupa.

"Damu haiogopi ndevu hivyo," nikamwambia. "Inakwama. Inatafuta njia. Na haianzi mdomoni, inaanza kwenye meno."

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kumwagikiwa."

Nikaenda jikoni, nikachemsha. Nilimimina juu ya kigae cheupe, juu ya manyoya ya brashi yangu kubwa, juu ya mkono wangu, polepole, haraka, kwa kijiko, kwa kidole, naye akipiga picha kila tone aingize kwenye mashine yake. Alasiri nzima. Mwishowe aliinua kichwa kwa furaha.

"Zinatosha, dada. Kwa damu sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Aliisema kama zawadi. Nikafuta meza, nikafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Na kidonda cha moto?" nikamuuliza. "Ngozi iliyobabuka, hicho mnakiweza?"

Alikuna ndevu. "Hicho bado."

Nikainjika sufuria nyingine.