Ukurasa Mtupu wa Minova

Juni 2004, askari waasi walipoiteka Bukavu, mashariki mwa Kongo, Eulalie alijificha kwa jirani, nyuma ya mapipa ya maji, akasikia nyumba yake ikiporwa. Risasi ziliponyamaza alirudi kazini mtaa wa Nguba, kwenye shirika la Kanisa ambako alikuwa fundi wa kompyuta. Hakulia. Chakula hakikuwa na ladha, na waliompa pole aliwajibu asante kama mtu aliyeulizwa habari za asubuhi.

Mama yake, Madeleine, alikuwa Minova, mji wa kaskazini kando ya Ziwa Kivu. Simu za kule hazikushika, radio ya ofisi ilikuwa imeibwa, na mashua zilikuwa zimesimamishwa. Ilibaki antena ya satelaiti juu ya paa. Ofisi ya Bukavu na ile ya Minova zilikuwa na ukurasa wa kuandikiana, uliokaa kwenye mashine moja kule Ulaya. Eulalie aliufungua kila asubuhi. Ulifunguka vizuri, lakini hapakuwa na mtu. Papa Floribert, mkuu wa ofisi, alisema pengine Minova wamekimbia. Eulalie alikubali. Aliwaza kwamba mama amekufa, na wazo hilo halikumuuma.

Kisha mwenzao wa Ulaya akapiga simu kwa jambo jingine. Katika maongezi akasema kwamba ukurasa ulihamishiwa mashine mpya wakati wa vita, na kwamba Minova wanashangaa kimya cha Bukavu.

Hapo Eulalie akaelewa. Kompyuta huufikia ukurasa kwa namba ya mashine unakokaa, si kwa jina. Kuuliza namba kupitia satelaiti kunachukua muda, kwa hiyo mashine ya ofisi huuliza mara moja na kulihifadhi jibu. Ya kwao ilikuwa bado inatoa namba ya zamani, na mashine ya zamani haikuwa imezimwa, ndiyo maana ukurasa ulifunguka bila mtu.

Alifuta namba iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yake. Ukurasa ukabaki mtupu. Akafuta ya mashine ya ofisi. Mtupu vilevile. Papa Floribert akataka wapande kugeuza antena.

"Antena iko muzima, Papa," Eulalie alisema. "Kampuni ya satelaiti nayo inachunga jibu ya zamani."

Huko hakuweza kugusa. Akaomba namba mpya kutoka Ulaya, akaiandika mwenyewe ndani ya mashine ya ofisi, isihitaji tena kuuliza mtu.

Ukurasa ukafunguka polepole, umejaa maandishi. Chantal wa ofisi ya Minova alikuwepo.

"Ni nani anatumikisha jina ya Eulalie?" aliandika.

"Ni mimi."

Chantal hakuamini. Akauliza nani alimsimamia Eulalie siku ya kipaimara.

"Ni weye," Eulalie akajibu.

Ndipo Chantal akamweleza. Mama Madeleine alikuwa anakuja kila asubuhi kukaa karibu na kompyuta, akingoja jina la binti yake litokee. Halafu mchuuzi mmoja kutoka Bukavu akasema watu wa nyumba ya Eulalie waliuawa. Mama akanyoa nywele, matanga yakafanyika, naye akapanda milimani kwa kaka yake.

Eulalie alisoma mpaka mwisho, akamwambia Papa Floribert kwamba mawasiliano yamerudi. Mzee akasoma naye, akavuta kiti, akakaa.

"Lia kidogo, maman," akamwambia Eulalie.

"Machozi haiko, Papa."

Chantal alituma mtu milimani. Mashua zilipoanza tena, Mama Madeleine alishuka bandarini Bukavu na kitambaa kwenye kichwa kilichonyolewa. Akamshika Eulalie uso, kisha mikono, bila haraka.

"Nilishamaliza kukulilia, mutoto yangu," akasema. "Sasa sijui nifanye nini."

 Eulalie alichukua mfuko wa mama, wakapanda hadi nyumbani kwa miguu. Akapika fufu ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani. Mama akauliza sahani ziko wapi, Eulalie akamwambia zilichukuliwa zote. Wakala ndani ya sufuria, mmoja upande huu, mwingine upande ule.