Ng'ombe wa Mpiga Gitaa

Haya mambo huwa siyasimulii, maana hata nikiwa peke yangu nikiyakumbuka najikuta naguna kwa aibu, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni.

Mnajua nafundisha Matongo, huko kwa Wakurya. Mwaka jana zahanati ililetewa nesi, Neema, mtu wa Iringa, aliyekuja na begi moja la nguo na gitaa la umeme, na mimi tangu jioni niliyomsikia akilipiga sikuwa mzima tena. Nilimpenda, sifichi. Tukitoka kazini tulitembea pamoja, akinipa maoni yake kuhusu filamu za wapiga gitaa maarufu: kwamba zinapenda pombe na ugomvi wa ndoa kuliko muziki wenyewe, na kwamba mwigizaji akianza kupiga, kamera inakimbilia usoni ili tusione vidole vinavyodanganya. Akaniuliza kama nimeiona ile moja anayoiona bora kuliko zote. Nikasema nimeiona.

Kuiona nilikuwa nimeiona, ila kwenye kibanda cha video, ile iliyotafsiriwa, ambapo jamaa anaongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji mwanzo mwisho (na Kiingereza cha puani mimi kinanipita), kwa hiyo filamu niliyoijua ni ile iliyotoka mdomoni mwake.

Neema akafurahi mno. Alikuwa ameomba kupiga gitaa kwenye kwaya na wazee wa kanisa walikuwa wanasitasita, wanasema hicho ni chombo cha baa.

"Mwalimu, wewe wanakuheshimu," akaniambia. "Jumapili wasimulie ile filamu, wajue gitaa halimharibu mtu."

Ningekataa hapo, yangeishia hapo. Jumapili nikavaa suti ya mahafali, nikasimama baada ya ibada, nikawaamkia wazee, na kwa kuwa Neema alikuwa ananitazama, nikanogewa. Nikasema hii ndiyo filamu bora kwa sababu inaonyesha kijana aliyejitoa hasa, aliyetorosha ng'ombe wanane wa baba yake, akawauza mnadani, akanunua gitaa, akawa maarufu dunia nzima. Wazee wakatazamana. Hao ni Wakurya, ndugu zangu, na mimi nilikuwa nawasifia mwizi wa ng'ombe.

Mzee Marwa, mwenyekiti wa wazee, akauliza taratibu, "Mwalimu, hizo ng'ombe zilikuwa za kazi gani?"

"Za mahari ya kaka yake mkubwa, mzee," nikajibu (mtafsiri ndivyo alivyosema, mimi ningejuaje).

Kina mama wakashika vichwa. Neema akasimama. "Wazee wangu, kwenye ile filamu hakuna ng'ombe hata mmoja. Baba yake ni fundi viatu. Gitaa alipewa na shangazi yake."

Wote wakanigeukia. Nilitamani sakafu ya kanisa inimeze na suti yangu.

"Iwe ng'ombe, iwe viatu," akasema Mzee Marwa, "vijana wetu wameshasikia. Hilo gitaa likae kwanza."

Likakaa. Neema hakunigombeza, ila jioni alianza kupita njia nyingine, na baada ya miezi michache uhamisho wake wa kurudi kwao ukatoka. Siku ya kuondoka niliomba nimbebee gitaa hadi kwenye gari, akakubali, na njiani nikamweleza ukweli wote wa kibanda cha video.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa utaniona mshamba."

Akalipokea gitaa lake. "Ningekutafsiria mwenyewe, mwalimu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuangalia naye."

Gari likaondoka. Ile filamu ninayo sasa, ya Kiingereza kitupu, naiangalia na kamusi mapajani, na nikikwama hakuna wa kumuuliza. Ninammiss sana, acheni niseme tu. Na nimeapa: mtu yeyote akiniuliza tena kama nimeona filamu fulani, nitasema sijaiona, hata kama nimeiona mara kumi.