Mwenye Jina

Kwetu, ng'ambo ya mpaka, mtu maarufu tulimwita mwenye jina. Tajiri hakuitwa hivyo kwa utajiri wake tu, wala mkubwa wa serikali kwa cheo chake. Mwenye jina ni yule ambaye watu wa kilima asichowahi kukikanyaga wanamzungumzia kama jirani yao. Baba alikuwa mmoja wao. Alipiga inanga, kile kinanda cha mbao chenye nyuzi, kwa mkono wa kushoto, na harusi ziliahirishwa ili kumngoja.

Mwaka ule wa kukimbia mauaji tulitengana naye njiani. Mimi na mama tulifika Kibondo, yeye hakufika. Mwanzoni mama hakuhangaika sana. Mtu kama yule atapoteaje? Kila asubuhi alisimama barabarani akiwauliza waliokuwa wakiingia na mizigo kichwani.

"Huyo? Nani asiyemjua? Alipiga kwenye harusi yangu."

"Umemwona?"

"Kumwona, hapana, dada."

Miezi ikapita hivyo. Mtoni wanawake walimtania: "Mke wa mwenye jina, leo naye anachota mwenyewe." Alicheka nao, mpaka siku waliochelewa kuvuka walipotueleza kwamba kule wanaotafutwa kwanza ni wenye majina.

Tangu hapo hakulitaja tena jina la baba. Aliuliza, "Hamjaona mtu mrefu, anayelima kwa mkono wa kushoto, asiyeongea na watu?"

Nikamwambia baba si mtu wa namna hiyo.

"Kama yu hai," akasema, "yuko hivyo."

Mwuza chumvi mmoja alituambia yupo kibarua kama huyo kijijini Titye, mbele ya Kasulu. Tulitembea siku nyingi, tukalala Makere kwa watu tusiowajua. Tulimkuta shambani, ametupa mgongo, jembe mkononi, mkono ule ule. Mama akamwita kwa jina, taratibu, kama anayeogopa kulivunja.

Aligeuka. Hakuwa baba.

"Mama, nakuomba," alisema yule mtu, "usimwambie yeyote umenikuta hapa."

Mama akaahidi. Hakumuuliza alikuwa nani huko alikotoka. Aliuliza jambo moja tu.

"Mkeo anajua kama uko hai?"

Yule mtu akatikisa kichwa kwamba hajui. Mama akaketi juu ya tuta la mihogo, akalia kwa mara ya kwanza tangu tuvuke.